Kuweka ukomo wa nywila kwenye mtandao wa ofisi ndogo

Ofisi ndogo nyingi ninazozihudumia ziko katika moja ya hali mbili. Ama nywila hazijabadilishwa tangu seva ilipowekwa, na kila aliyewahi kufanya kazi pale bado anazijua. Ama kuna fundi aliweka ukomo wa siku 30, na tangu hapo kila mwezi watu wanahangaika, simu zinapigwa, na mwisho wa yote nywila inaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Hali zote mbili ni hatari, ila ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu mwenye biashara anaamini amelindwa.

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye kompyuta kama tano hadi hamsini, seva moja ya Windows Server yenye Active Directory (mfumo unaotunza akaunti za watumiaji wote mahali pamoja), na mtu mmoja anayeangalia mambo ya kompyuta huku ana kazi nyingine. Asiye na seva ana sehemu yake kule chini. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Kwanza amua ni siku ngapi

Domeni mpya ya Windows, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa na seva, huja na ukomo wa siku 42 tayari. Kwa hiyo kama watu wako wanaombwa kubadilisha nywila kila baada ya wiki sita na hakuna anayejua nani aliweka hivyo, jibu ndilo hilo: hakuna aliyeweka, na hakuna aliyegusa.

Kwa miaka mingi tulifundishwa siku 30, 60 au 90. Hoja ilikuwa kwamba nywila ikiibwa, mwizi ataitumia kwa muda mfupi tu. Lakini aliyeipata nywila ya mhasibu leo mchana hasubiri mwezi uishe, anaingia leo leo. Na mtu anayelazimishwa kubadilisha kila mara hatungi nywila mpya. Anachukua Safari@01 anaifanya Safari@02. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichambua nywila za zamani za akaunti zaidi ya 7,700 ambazo wenyewe walitakiwa kuzibadilisha kila miezi mitatu. Waligundua kwamba ukiwa na nywila ya zamani, majaribio kama matano yanatosha kuipata mpya katika asilimia 17 ya akaunti.

Ndiyo maana mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza ubadilishaji wa kila kipindi, na mwaka 2019 Microsoft ikauondoa ukomo wa nywila kwenye orodha ya mipangilio ya usalama inayoipendekeza kwa Windows. Wote wanasema nywila ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Je, uache kabisa ukomo? Kwa kampuni yenye uthibitishaji wa hatua mbili kila mahali na chombo cha kukagua nywila zilizovuja, ndiyo. Kwa ofisi zetu ndogo mimi naweka siku 365, na nina sababu. Kwetu nywila husambaa taratibu: dada wa mapokezi anaumwa, anapigiwa simu ataje nywila yake ili faili lipatikane. Fundi aliitwa, akapewa nywila, akaondoka nayo. Hakuna aliyeiba, lakini baada ya miaka mitatu nywila moja inajulikana na watu sita. Kubadilisha mara moja kwa mwaka kunafuta hayo yote, na mtu anayebadilisha mara moja kwa mwaka anakubali kukaa chini atunge kitu kipya.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Wafanyakazi wa kawaida: herufi 14 au zaidi, siku 365. Akaunti za usimamizi wa seva: herufi 16 au zaidi, siku 180, kwa kuwa mafundi wa nje mara nyingi huzijua. Akaunti za mashine na programu: hazina ukomo, nywila ni ndefu sana na isiyo na mpangilio wowote, na hubadilishwa na mtu kwa mkono.

Isipokuwa kama kuna mkataba unaokubana. Wanaopokea malipo ya kadi wanafuata PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa data za kadi, na humo, pale nywila inapokuwa kizuizi pekee, inatakiwa kubadilishwa angalau kila siku 90, au mfumo uwe unapima usalama wa akaunti wakati wote. Soma mkataba wako na benki kabla ya kuandika namba yoyote.

Angalia kilichopo kabla ya kugusa kitu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama Jumatatu itakuwa ya amani. Ingia kwenye seva, fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, kisha hifadhi mipangilio ya sasa ili uweze kurudi nyuma:

`Get-ADDefaultDomainPasswordPolicy | Out-File C:\sera-ya-zamani.txt`

Halafu toa orodha ya akaunti zote zinazofanya kazi:

`Get-ADUser -Filter 'Enabled -eq $true' -Properties PasswordLastSet, PasswordNeverExpires | Sort-Object PasswordLastSet | Format-Table Name, PasswordLastSet, PasswordNeverExpires`

Ichapishe, ukae na mtu wa utumishi au mwenye ofisi, mpitie jina kwa jina. Mtakuta walioacha kazi na akaunti zao bado ziko wazi. Hizo zifungeni hapo hapo. Mtakuta wenye alama ya kutokuisha muda ambao ni watu wa kawaida kabisa, mara nyingi bosi mwenyewe. Ongea naye kwa heshima, lakini alama hiyo itoke, kwa kuwa akaunti yake ndiyo inayofungua mengi.

Kundi la tatu ndilo la kuwa makini nalo: akaunti zisizo za binadamu. Jina linaweza kuwa "scan", "backup", au jina la programu ya uhasibu. Chukua mfano wa mashine ya fotokopi inayotuma nyaraka kwenye folda ya seva. Inaingia kwa akaunti yake yenye nywila iliyoandikwa ndani ya mashine. Siku ukomo unapofika, hakuna anayeulizwa abadilishe nywila, kwa sababu hakuna mtu anayeketi mbele ya akaunti hiyo. Skrini ndogo ya mashine inaandika tu kwamba kutuma kumeshindikana. Katibu muhtasi anaona mashine imeharibika, fundi wa fotokopi anaitwa, anafungua kava, anasafisha kioo, analipwa, na tatizo liko pale pale. Kwa nakala za akiba hali ni mbaya zaidi, maana zinaweza kusimama kimya kimya na mkajua siku diski imekufa. Kila akaunti ya namna hii iandike: inatumika wapi, nywila yake imehifadhiwa kwenye mashine au programu gani.

Sasa tazama safu ya tarehe. Windows huhesabu siku tangu nywila ilipobadilishwa mara ya mwisho, haihesabu tangu siku ulipoweka sera, yaani kanuni hizi za nywila. Ukiweka siku 365 na mtu hajabadilisha nywila kwa miaka mitatu, muda wake umeshapita tangu dakika ile sera inapoanza. Ofisi nzima ikiwa hivyo, wote watazuiwa kwa pamoja asubuhi moja.

Ili kuepuka hilo, gawa idara. Wiki hii uhasibu, wiki ijayo mauzo, kisha stoo. Kila mmoja anabonyeza Ctrl+Alt+Delete, anachagua "Change a password", anabadilisha akiwa ofisini na wewe upo karibu. Ukimaliza ndipo unawasha sera. Ipo pia njia ya kurudisha hesabu ya siku mwanzo bila kubadilisha nywila, kwa kuweka pwdLastSet (sehemu inayotunza tarehe ya nywila kubadilishwa) kuwa 0 kisha -1 kwenye akaunti husika. Inafanya kazi, ila nywila iliyosambaa inabaki ile ile, kwa hiyo naitumia kwa mtu aliye safarini tu.

Weka sera kwenye domeni

1. Kwenye seva, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `gpmc.msc`, bonyeza Enter.

2. Fungua "Forest", kisha "Domains", kisha jina la domeni yako. Bofya kulia kwenye "Default Domain Policy" na uchague "Edit".

3. Shuka hivi: "Computer Configuration", "Policies", "Windows Settings", "Security Settings", "Account Policies", "Password Policy".

4. "Maximum password age": 365. Kumbuka kuwa 0 maana yake haiishi kamwe.

5. "Minimum password age": 1. Bila hii mtu mjanja anabadilisha nywila mara nyingi mfululizo mpaka historia ijae, anarudi kwenye ile ya zamani.

6. "Enforce password history": 24, yaani hawezi kurudia zozote kati ya 24 zilizopita.

7. "Minimum password length": 14. Usiogope namba hii, nitaeleza chini namna ya kuwasaidia watu.

8. "Password must meet complexity requirements": iache "Enabled", lakini usiitegemee. Inadai aina tatu za herufi na inakataa jina la akaunti, basi. Safari@2025 inapita bila shida. Kinachokulinda ni urefu.

9. "Store passwords using reversible encryption": lazima iwe "Disabled".

Ukiwa bado humo, nenda "Account Lockout Policy". Mimi naweka "Account lockout threshold" 10, na dakika 15 kwenye muda wa kufungwa na muda wa kurudisha hesabu. Ukiweka majaribio matatu, utashinda unafungua akaunti za watu waliosahau kuzima Caps Lock.

Kisha nenda "Local Policies", "Security Options", utafute "Interactive logon: Prompt user to change password before expiration". Weka 14, ili watu waanze kuonywa wiki mbili kabla.

Hapa pana kosa ninalolikuta mara kwa mara: mtu anatengeneza sera mpya, anaiunganisha kwenye OU (folda ya Active Directory ya kupanga akaunti na kompyuta) ya "Wafanyakazi", anasubiri, hakuna kinachobadilika. Sera ya nywila za akaunti za domeni husomwa kwenye ngazi ya domeni yenyewe. Ukiiweka kwenye OU, itagusa tu akaunti za ndani za kompyuta zilizomo humo. Anayetaka kanuni tofauti kwa kundi fulani atumie njia ya sehemu inayofuata.

Ukimaliza, endesha `gpupdate /force` kwenye seva, kisha hakikisha kwa `net accounts /domain`. Kwa mtu mmoja mmoja, tuseme jina la akaunti ni asha, andika `net user asha /domain` uangalie mstari wa "Password expires". Tarehe inayoonekana hapo ndiyo ukweli, hata kama ulichokiona kwenye dirisha la sera kinasema vingine.

Kanuni tofauti kwa wasimamizi na kwa mashine

Fungua "Active Directory Administrative Center". Bofya domeni yako, ingia "System", kisha "Password Settings Container". Upande wa kulia chagua "New", halafu "Password Settings". Ipe jina, mfano Sera-Wasimamizi, weka urefu 16 na siku 180. Kwenye "Precedence" andika 10. Mtu akiangukia kwenye sera mbili, yenye namba ndogo ndiyo inayoshinda. Chini, kwenye "Directly Applies To", ongeza kundi la usalama lenye akaunti za usimamizi. Inakubali watumiaji na makundi ya aina ya "Global", haikubali OU. Hakiki kwa `Get-ADUserResultantPasswordPolicy` ikifuatiwa na jina la akaunti.

Akaunti za mashine na programu tengenezea sera nyingine ya urefu wa herufi 25 isiyo na ukomo, au weka alama ya "Password never expires" kwenye kila moja. Nywila zake zitoe kwenye programu ya kutunza nywila, na akaunti hizo zisiwe na haki zaidi ya kazi yake. Akaunti ya fotokopi inahitaji kuandika kwenye folda moja tu.

Zungumza na watu kabla sera haijaanza

Mfanyakazi anayekutana na ujumbe wa kubadilisha nywila huku mteja amesimama mbele yake ataandika kitu cha haraka haraka. Tuma tangazo wiki moja kabla, kwa jina la mwenye ofisi. Hili unaweza kulichukua kama lilivyo:

"Ndugu wafanyakazi, kuanzia tarehe 1 nywila ya kompyuta itabadilishwa mara moja kwa mwaka, si kila mwezi kama zamani. Nywila mpya iwe na herufi 14 au zaidi. Usimpe mtu yeyote, hata mimi, hata fundi. Ukihisi imejulikana, ibadilishe siku hiyo hiyo na utoe taarifa. Hakuna atakayelaumiwa kwa kutoa taarifa."

Sentensi ya mwisho usiifute. Mtu aliyebofya kiungo cha ulaghai akiogopa kufokewa atanyamaza, na saa ambazo ungezitumia kufunga akaunti zinapotea.

Kutunga herufi 14 ni rahisi ukiwaonyesha: maneno manne yasiyohusiana, kistari katikati, herufi kubwa moja na namba. Kwa mfano Kikombe-daladala-mvua-kiatu-7. Huo ni mfano wa kufundishia tu, mtu asiutumie. Wakataze methali, mashairi yanayojulikana na aya za vitabu vya dini. Neno kwa neno, "harakaharakahainabaraka" ni refu, lakini kila anayejua Kiswahili anaweza kulibahatisha.

Waambie pia kuhusu simu. Mtu akishabadilisha nywila, simu yake mfukoni bado inajaribu ile ya zamani kwenye barua pepe au Wi-Fi ya ofisi, inajaribu tena na tena, na akaunti inajifunga. Akaunti ikijifunga kila baada ya muda bila sababu, fungua "Event Viewer" kwenye seva, tafuta tukio namba 4740 kwenye kumbukumbu za "Security". Humo imeandikwa jina la kompyuta yalikotoka majaribio. Wenye laptop wanaofanya kazi nje wabadilishe wakiwa ofisini au kwenye VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje), la sivyo laptop itaendelea kuikumbuka nywila ya zamani na seva itaitambua mpya tu.

Ukimrudishia mtu nywila aliyoisahau, weka alama ya "User must change password at next logon". Usipoiweka, ile siku moja uliyoiweka kama umri wa chini itamzuia kuibadilisha mpaka kesho, na wewe unaendelea kuijua nywila yake.

Kama huna seva

Kompyuta zikiwa kwenye workgroup, kila moja inajitegemea. Fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

`net accounts /maxpwage:365 /minpwage:1 /minpwlen:14 /uniquepw:10`

Amri hii inafanya kazi hata kwenye Windows Home, ambayo haina dirisha la "Local Security Policy". Rudia kwenye kila kompyuta. Kisha fungua PowerShell na uendeshe `Get-LocalUser | Select-Object Name, PasswordExpires`. Ambaye safu yake iko tupu, akaunti yake ina alama ya kutokuisha muda, na amri yako ya kwanza haijamgusa. Iondoe alama hiyo kwa `Set-LocalUser -Name asha -PasswordNeverExpires $false`. Wanaoingia kwa akaunti ya Microsoft hawahusiki na mipangilio hii.

Kwenye Linux, `sudo chage -M 365 -m 1 -W 14 asha` inaweka ukomo na onyo la wiki mbili, na `sudo chage -l asha` inakuonyesha matokeo. PASS_MAX_DAYS iliyo kwenye /etc/login.defs inawagusa watumiaji utakaowaongeza baadaye tu, waliopo inabidi uwapitie mmoja mmoja.

Barua pepe na vifaa ambavyo sera haivifikii

Kama nywila za Microsoft 365 hazijaunganishwa na seva yako, zina mpangilio wake: ingia "Admin center", "Settings", "Org settings", "Security & privacy", kisha "Password expiration policy". Mimi huko naacha zisiishe muda, na nalazimisha uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mtu bila kumwacha bosi. Google Workspace nayo ina sehemu ya "Password management" chini ya "Security". Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu wiki hii, washa hatua mbili kwenye barua pepe, hata kabla ya kugusa seva, kwa sababu ankara za uongo na namba za akaunti za benki zilizobadilishwa hupitia humo.

Ruta, Wi-Fi, mashine ya kurekodi kamera na paneli ya fotokopi hazijui chochote kuhusu domeni yako. Vifaa vya namna hii mara nyingi bado vina nywila ya kiwandani. Nywila hizo zibadilishe leo, uziandike kwenye programu ya kutunza nywila, na uweke ukumbusho wa kila mwaka kwenye kalenda.

Mwisho, andika ukurasa mmoja wa siku mtu anapoacha kazi na umpe anayeshughulikia utumishi: akaunti ya domeni ifungwe kabla hajatoka mlangoni, barua pepe yake iondolewe kwenye simu yake, nywila ya Wi-Fi ibadilishwe, na kila akaunti ya pamoja aliyokuwa anaijua, kuanzia ya benki mpaka ya kodi, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ile orodha ya PowerShell iendeshe tena kila baada ya miezi mitatu, mkae tena na mtu wa utumishi, mpitie jina kwa jina.